Karatasi ya labo inasema « Taenia sp. »: tegu hiyo ni ya nani?

Mutu anapeleka kikopo ku kituo cha afya, mutumishi wa labo anaangalia ku mikroskopi, kisha anaandika ku karatasi: « œufs de Taenia sp. ». Mugonjwa anasoma neno la kwanza, anajua ni tegu (wengine wanaiita tenia), anapewa dawa, anarudi nyumbani. Ile « sp. » ya mwisho hakuna anayeijali. Lakini ndani ya herufi hizo mbili ndimo hatari imejificha. Maana yake ni hii: ni tegu, lakini ya aina gani, hatukuweza kujua.

Musimulaumu mutumishi wa labo. Mayai ya tegu ya ngombe (Taenia saginata) na mayai ya tegu ya nguruwe (Taenia solium) yanafanana kabisa: ya duara, ganda nene lenye mistari, na ndani mutoto wa munyoo mwenye vindoano sita. Ni madogo sana, unaweza kuyapanga 25 hivi ndani ya milimita moja. Mutu aliyefanya kazi hiyo miaka 30 hawezi kuyatenganisha kwa macho, na mikroskopi ya bei kali nayo haimusaidii.

Sasa, kama yanafanana, kwa nini tusumbuke? Ni juu tegu hizo mbili hazifanye kazi moja mu nyumba.

Tegu ya ngombe ni aibu kuliko hatari. Mutu anaipata akikula nyama ya ngombe isiyoiva. Munyoo unakaa mu utumbo, vipande vyake vinajitembeza na kutoka vyenyewe, mutu anaona haya, anakunywa dawa, inaisha. Mayai yake yakimuingia mutoto ao jirani hayafanye kitu, maana yanatafuta ngombe.

Tegu ya nguruwe iko na njia mbili, na hapa ndipo watu wengi wanachanganya, kwa hiyo twende polepole. Njia ya kwanza: mutu anakula nyama ya nguruwe yenye vifuko vyeupe, vya ukubwa wa punje ya muhindi ao ya pwa, na nyama haikuiva. Anapata munyoo mu utumbo, wa metre 2 mupaka 7. Mara nyingi hasikii kitu. Nyuma ya miezi kama miwili anaanza kutoa vipande pamoja na mavi, na kipande kimoja kinaweza kubeba mayai 50,000. Njia ya pili ni ya mayai hayo. Nguruwe akiyakula, yanapasuka ndani yake, yanapita mu damu, yanafanya vifuko mu nyama. Lakini mutu naye anaweza kuyameza: ku vidole, ku mboga zisizooshwa, ku maji. Hapo mwili wa mutu unatendewa sawa na mwili wa nguruwe. Vifuko vinajijenga ku misuli, ku jicho, ku bongo. Vikiwa ku bongo vinaleta kichwa kuuma siku zote, na vinaleta kifafa.

Kwa hiyo nyama mbaya inaleta tegu, na mavi ya mwenye tegu ndiyo yanaleta kifafa. Mwenye kuugua kifafa anaweza kuwa mutu ambaye hajawahi kuonja nguruwe maisha yake yote. Mufano unaojulikana sana ulitoka New York, Marekani, mwaka 1992: familia za Wayahudi wenye kushika sana sheria ya dini yao, watu wasiogusa nguruwe hata kidogo, walipatikana na vifuko mu bongo. Waganga wakatafuta mupaka wakaelewa kwamba mayai yaliingia ku meza kupitia watu wa kazi za nyumbani, waliotoka inchi zenye tegu hiyo, na bila wenyewe kujua kama walikuwa nayo.

Kwetu si habari ya mbali. OMS inasema kwamba mahali nguruwe wanatembea ovyo kati ya watu, tegu ya nguruwe inaweza kuwa ndiyo sababu ya kifafa kwa wagonjwa 30 juu ya 100. Kaskazini ya Burundi, ku Kiremba, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vifuko hivyo ni sababu kubwa ya kifafa huko. Na hapa Congo, mu kijiji kimoja cha Bas-Congo (leo Kongo Central), walipopima damu ya watu walikuta alama ya vifuko kwa mutu kama mumoja juu ya watano. Wangapi kati yao waliambiwa na majirani kwamba ni bulozi?

Basi « sp. » inauliza swali zito: mutu huyu amebeba munyoo wa aibu tu, ao anaweza kuwatia watoto wake vifuko mu bongo?

Zamani njia ya kujibu ilikuwa kuangalia munyoo wenyewe. Kichwa cha tegu ya nguruwe kiko na vindoano vilivyopangwa mizunguko miwili. Cha tegu ya ngombe hakina hata kimoja. Shida ni kwamba kichwa mara nyingi kinabaki ndani ao kinaharibika nyuma ya dawa. Njia nyingine ni kukamata kipande kilichoiva, kukiingiza wino, na kuhesabu matawi ya tumbo la uzazi: machache ni ya nguruwe, mengi ni ya ngombe. Lakini hesabu hizo zinakutana katikati. Ukikuta matawi 13, unasema nini? Na kipande kilicholala siku mbili ku joto hakihesabiki tena.

Ndiyo maana wachunguzi waligeukia ADN, na zaidi ADN ya mitokondri. Neno ni kubwa, jambo lenyewe si gumu. Mwili wa kila kiumbe umejengwa na vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila chumba kuko kitabu kikubwa cha ADN, kinachoeleza namna ya kujenga mwili muzima. Lakini chumba kinahitaji pia moto wa kufanyia kazi, na moto huo unatoka ku mitokondri. Tuseme ni mbabula za chumba. Ajabu ni kwamba mbabula hizo ziko na kaye yao wenyewe, ndogo, iliyojifunga kama duara, mbali na kile kitabu kikubwa. Kaye ya mutu iko na herufi 16,569. Ya tegu ya nguruwe iko na karibu 13,700.

Kwa nini kusoma kaye na si kitabu? Kwanza juu ni fupi. Pili, kitabu kikubwa ku kila chumba kiko nakala mbili tu, lakini mbabula ni nyingi na kaye nazo ni nyingi. Hata kipande kikiwa kimeoza nusu, kaye moja ao mbili zitabaki zinasomeka. Tatu, na hii ndiyo inatusaidia zaidi: kaye inabadilika herufi haraka kidogo kuliko kurasa nyingi za kitabu. Munyoo na munyoo wa ukoo mumoja wanabaki na kaye zinazokaribiana sana, lakini tegu ya ngombe na ya nguruwe, zilizoachana zamani sana, ziko na kaye ambazo haziwezi kuchanganywa.

Ku labo hawasome kaye nzima. Wanachagua ukurasa mumoja ao mbili, mara nyingi ule unaoitwa cox1, na mashini ya PCR inafanya fotokopi yake mamilioni ya mara. Mwaka 2004 wachunguzi wa Japani na wenzao walitangaza mupango mumoja muzuri: ndani ya kichupa kimoja wanaweka dawa za kuita kurasa za tegu mbalimbali, na kila tegu inatoa fotokopi ya urefu wake. Unaangalia tu mustari ulifika wapi: hapa ni ya ngombe, pale ni ya nguruwe. Inafaa ku kipande cha munyoo, na inafaa ku kifuko kilichotolewa mu nyama.

Mutu anaweza kufikiri kwamba shida hii ni ya tegu peke yake. Hapana. Wale wachache kati yetu wenye farasi, na waganga wa farasi kule Ulaya na Australia, wanaijua vizuri. Farasi anaweza kuwa na minyoo midogo iitwayo strongili, ya aina kama 50, na mayai yake yote ni sura moja. Hata munyoo mukubwa wenyewe unadanganya: kuko ukoo mumoja, Triodontophorus, ambao vitabu vya zamani viliuweka pamoja na strongili kubwa juu ya umbo la kinywa chake. ADN ya mitokondri ilipopimwa, ikaonekana uko karibu zaidi na strongili ndogo. Kinywa kilifanana, damu haikufanana.

Turudi ku nguruwe wetu, maana kaye hiyo ya mbabula imesema na jambo lingine ambalo hakuna aliyelitazamia.

Mwaka 2002 wachunguzi walikusanya tegu za nguruwe kutoka inchi nyingi na kulinganisha kaye zao. Zikajigawa makundi mawili. Kundi moja ni la Asia: China, Thailand, India na kwingine. Kundi la pili ni la Afrika na Amerika ya Kilatini pamoja. Tegu ya Tanzania, ya Msumbiji na ya Kameruni iko ndugu na ile ya Mexico, ya Peru na ya Brazil, kuliko ilivyo ndugu na ya India. Namna gani? Bahari iko katikati, na nguruwe hajui kuogelea mupaka kule. Wazo lao ni kwamba tegu hiyo ilisafiri na merikebu za Wazungu, tangu miaka kama 500, pamoja na nguruwe wao na watu wao, ikashuka pande zote mbili za bahari. Ku Madagascar, kisiwa ambacho watu wake walitoka Afrika na Asia, makundi yote mawili yamepatikana.

Na ukienda nyuma zaidi, habari inageuka tena. Mwaka 2001 wachunguzi wengine walilinganisha tegu za watu na tegu za simba, fisi na wanyama wengine, wakasema kwamba mutu alipata tegu hizi hapa hapa Afrika, alipoanza kula nyama sawa na wanyama hao wakali, mbele sana ya kuwa na ngombe ao nguruwe wa kufuga. Kama ni hivyo, si nguruwe aliyetupatia tegu. Sisi ndio tulimupatia nguruwe.

Mimi naliona jambo hilo kuwa la maana kuliko linavyoonekana. Mu vijiji vyetu nguruwe ndiye anatukanwa: ni munyama muchafu, analeta ugonjwa. Lakini nguruwe hana tegu hii mu utumbo wake hata siku moja. Yeye anabeba vifuko tu, na vifuko hivyo alivipata ku mavi ya mutu. Kama koperative imechinja nguruwe ikakuta vifuko, hiyo ni barua. Inasema: mahali nguruwe huyu alikuwa anatembea, kuko mutu mumoja ao zaidi mwenye tegu, na huyo mutu anapikia familia yake leo jioni.

Kwa bahati mbaya barua hiyo mara nyingi haisomwi. Muchuuzi anafungua kinywa cha nguruwe, anapapasa ulimi. Akisikia vifuko, bei inashuka nusu. Mufugaji aliyelipa shule kwa kutegemea nguruwe huyo anaogopa hasara, kwa hiyo munyama anachinjwa usiku na nyama inauzwa pole pole kwa majirani. Ndivyo tegu inazunguka. Na ulimi wenyewe hauambie ukweli wote: unaonyesha wale wenye vifuko vingi sana, lakini nguruwe mwenye vifuko vichache anapita na ulimi safi.

Kipimo cha damu cha nguruwe nacho kinaweza kukosea, lakini kwa upande mwingine. Kuko tegu ya imbwa, Taenia hydatigena, ambayo inaweka vifuko vyake ku maini na ku mafuta ya tumbo ya nguruwe na mbuzi. Hiyo haina hatari kwa mutu. Lakini kipimo kinachotafuta alama ya vifuko mu damu kinaweza kusema « ndiyo » kwa zote mbili, na mufugaji anapoteza munyama bila sababu. Hapo pia, kifuko kikipelekwa ku labo yenye PCR, kaye ya mitokondri inakata maneno.

Lakini tusiisifu kupita kiasi. Kaye hiyo inapita kwa mama tu, kwa hiyo inaeleza upande mumoja wa ukoo. Ku Asia, ambako kuko tegu ya tatu (Taenia asiatica), walikuta minyoo yenye kaye ya aina moja na kitabu kikubwa cha aina nyingine: machotara. Wangesoma kaye peke yake wangeandika jina lisilo kamili. Na mashini ya PCR haiko ku kituo chetu cha afya. Iko ku labo kubwa, ni zile zile mulizosikia wakati wa Ebola na wakati wa Covid, na inaomba stima, dawa zinazokaa ku baridi, na mutu aliyefundishwa. Kwa miaka kadhaa tena, wengi wetu tutabaki na karatasi ya « sp. » mu mukono.

Kwa hiyo fanyeni hivi: mupaka labo iseme vingine, hesabuni kila « Taenia sp. » kuwa ya nguruwe, hata kama mugonjwa anaapa kwamba anakula ngombe tu. Mwambieni muganga watu wote wanaokula ku chungu kimoja naye, na hasa kama kuko mwenye kifafa ao mwenye kuumwa kichwa kila mara. Hilo ni la lazima juu ya dawa zenyewe. Niklozamide inabaki mu utumbo. Prazikantel inaingia mu damu na kufika ku bongo. Kama vifuko viko kule bila mutu kujua, dawa inaweza kuviamusha na mugonjwa akaanguka kifafa siku ile ile. Kununua vidonge vya tegu ku soko, kwa kubahatisha, ni mchezo mubaya.

Kwa upande wa nguruwe, kiraro kwanza. Nguruwe aliyefungwa hawezi kufika ku mavi ya watu, na choo chenye mulango unaofunga kinamaliza kazi hiyo kwa upande mwingine. Ukiwa na feza ya kimoja tu mwaka huu, anza na choo, maana choo kinalinda pia watoto. Kuko dawa ya nguruwe, oksfendazole, miligrama 30 kwa kilo moja ya uzito, mara moja ku kinywa, inayoua vifuko vya mu nyama. Na kuko chanjo, TSOL18, inayozuia vipya. Viwili hivyo pamoja vimeonyesha matokeo mazuri sana. Lakini vifuko vilivyokufa vinachukua wiki nyingi kuyeyuka, na nyama haiuzwe mupaka siku ambazo veterineri amesema zimepita. Ku chungu: nyama iive mupaka katikati, isibaki na wekundu wowote. Mishikaki ya haraka haraka ya pembeni ya barabara, ile nyeusi inje na laini ndani, mimi siiamini.

Na kama mutu wenu ametoa kipande cha munyoo, musikitupe mu choo bila kufikiri. Vaa mufuko wa plastiki ku mukono, kiokote, kioshe na maji safi kidogo, kiweke mu kichupa chenye alkoli ya farmasi, na maji hayo uyamwage ndani ya choo. Alkoli, si formoli. Formoli inakausha kipande na kukipa sura nzuri, lakini inaharibu ADN, na labo haitaweza kusoma kitu. Kama alkoli haiko, kipande kwenye kichupa safi kipelekwe siku ile ile. Funga vizuri, andika ku kichupa jina la mugonjwa, kijiji, tarehe, na kama nyumba hiyo inafuga nguruwe. Nawa mikono na sabuni mbele ya kugusa kitu kingine. Kichupa kikifika ku zone ya afya, ombeni wazi wazi kipelekwe ku labo yenye PCR, na muombe jibu liandikwe kwa jina kamili.